Mkono Usiosikia Moto

24 Novemba

Leo mama mkwe ameipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu, mbele ya watu. Si mara ya kwanza, lakini leo mgahawa ulikuwa umejaa vijana wa bodaboda waliokimbia mvua, wakampigia makofi. Mmoja akasema, "Mama Notburga, hiyo mikono ni ya chuma." Sifa ikamkolea, akanigeukia: "Huyu mkwe wangu hata kikombe cha chai anakishika kwa kanga." Wakacheka tena. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Tangu nimzae Lidwina na kuacha kufundisha chekechea, nashinda hapa mgahawani kwa mama, mtaa wa Mfaranyaki, nikiosha vyombo na kukatakata mboga pamoja na Sharifa, msaidizi wake. Ng'ambo ya barabara ipo bucha ya mume wangu, Amedeus. Mama akinigombeza, mwanawe anasikia kila neno huku akikata nyama. Nimeamua kuandika. Nisipoandika nitajibu, na kumjibu mama mkwe ni kujitafutia balaa.

27 Novemba

Mvua. Kumbikumbi wametoka, tumewakaanga. Mtoto ana mafua.

2 Desemba

Nilikuwa nampa Lidwina ziwa nikasikia harufu kama ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Nikadhani Sharifa ameangusha kitu kwenye mkaa. Mama alikuwa amesimama kando ya jiko akizungumza na mteja habari za mbegu za mahindi, mkono wa kulia ameuegemeza pale pale pembeni. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya kidole chake cha mwisho.

Nilipiga kelele. Akanitazama mimi kwanza, kwa hasira, kabla ya kutazama kidole. Alipouinua mkono, ngozi ilibaki kwenye chuma.

"Mama, huumii?" Sharifa akamuuliza.

"Nimezoea moto," akasema. "Nyie watoto wa siku hizi mnaungua hata na jua."

Akakifunga kidole kwa kitambaa, akaendelea kupakua. Mteja yule hakumaliza chakula chake.

3 Desemba

Nimemwambia Amedeus. Akasema mama yake amepika kwa kuni tangu msichana, ngozi imekuwa gome. Akanitania kidogo, akanipa maini ninayoyapenda. Mume wangu ni mtu mwema. Labda mimi ndiye ninayetafuta kasoro kwa mama mkwe.

9 Desemba

Hakuna jipya. Uyoga umeanza kuletwa sokoni.

14 Desemba

Mama ameangusha sahani mbili leo, akasema nimeziacha na sabuni. Sikuziacha na sabuni. Niliuangalia mkono wake wakati anafoka: vidole viwili vya mwisho vimepinda kuelekea kiganjani na havinyooki, hata anaponinyooshea mkono kunionya.

Baadaye, alipokunja mikono ya gauni ili akande unga, niliona juu ya kiwiko doa jeupe lililofifia, kubwa kama kiganja cha mtoto. Akaona nimeona.

"Ni fangasi," akasema. "Ninapaka dawa ya dukani tangu mwaka juzi. Wewe kanda unga."

20 Desemba

Sharifa ni mtu wa Namasakata kule Tunduru, mume wake Swalehe anafanya biashara ya korosho na nafaka. Nilikuwa namwona mmbeya. Kila mteja akitoka, yeye ana habari zake. Leo tukiwa nyuma tunaosha masufuria akaniambia kwa sauti ya chini, "Noela, kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza hivi hivi. Doa, kisha ganzi, kisha vidole."

"Akawa na nini?"

Hakulitaja jina la ugonjwa. Alisema tu, "Mpelekeni hospitali, kwa jina la Mwenyezi Mungu, msichelewe."

Nikamfokea. Nikamwambia mama yetu si mada ya umbeya wake. Akaendelea kusugua masizi. Nilimfokea kwa sababu neno ambalo hakulisema nilikuwa nimelijua tayari.

25 Desemba

Krismasi. Tumetoka misa tukala wali nyumbani. Mama alimpakata Lidwina akamwimbia kwa Kingoni, na mtoto akamshika kidole kile kilichopinda akakipeleka mdomoni.

Nilinyanyuka nikamchukua. Nilisema anataka kubadilishwa nepi. Mama alinitazama, akaitazama nepi, iliyokuwa kavu.



2 Januari

Leo mama amenieleza mwenyewe, tukichambua maharage, bila mimi kumuuliza. Alipokuwa mdogo shangazi yake alianza kupoteza vidole. Wazee wakamtengea sahani, wakamtengea kigoda, mwisho wakamtengea njia ya kwenda kisimani. Siku moja wakamsindikiza kwenye kijiji cha wenye ukoma na nyumba yake wakaiwasha moto. Mama alikuwa anatazama kutoka mgongoni kwa mama yake. Shangazi hakurudi, wala jina lake halikupewa mtoto yeyote katika ukoo.

"Kwa hiyo unaelewa," akasema, "kwa nini sitaki kwenda kupimwa."

Nikamwambia naelewa. Kisha nikamwambia, "Mama, usipokwenda, mimi siwezi kukupa mtoto umpakate."

Sijawahi kumwambia mtu neno kali namna ile. Alichambua maharage mpaka yakaisha.

8 Januari

Tumekwenda. Amedeus hakutaka. Alisema tusubiri mvua zipungue, na Januari mvua haipungui.

Daktari anaitwa Pankrasi, kijana mpole mwenye sauti ya mtu wa kwaya. Alimwambia mama afumbe macho, aweke mikono juu ya meza, na kila akiguswa aonyeshe mahali. Akachukua uzi mgumu kama wa kuvulia samaki akaanza kumgusa mkono wa kushoto. Mama akaonyesha: hapa, hapa, hapa. Akahamia wa kulia, upande wa kidole cha mwisho. Akagusa. Akagusa tena. Akakandamiza mpaka uzi ukapinda.

Mama alikaa amefumba macho, uso umetulia, anasubiri. Mwishoni akasema, "Daktari, mbona huanzi?"

Niligeukia ukutani.

Kisha daktari akapapasa nyuma ya kiwiko chake, akanishika mkono wangu akanipapasisha. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu kinachoteleza, kinene kama kamba ya kufungia ng'ombe. "Huo ni mshipa wa fahamu," akasema. "Neva. Wako huwezi hata kuupata vizuri. Huu umevimba."

Akalitaja jina la ugonjwa bila kushusha sauti. Ukoma. Mama akafumbua macho akauliza swali moja tu: "Mtanipeleka wapi?"

"Nyumbani," akasema daktari. "Unapewa dawa, unakwenda nyumbani."

Mimi nikauliza yangu yote. Nina mtoto mchanga, ataambukizwa? Akasema mgonjwa akishaanza dawa, haambukizi tena, lakini sisi tunaoishi naye lazima tuchunguzwe mmoja mmoja, na tupewe kinga. Nikauliza mshipa wa fahamu uliokufa unafufuka? Akasema uliobanwa tu unaweza kuamka, uliokufa hauamki, na kwa macho huwezi kujua upi ni upi, ndiyo maana muda ni kila kitu. Nikauliza kama hiyo dawa itanyoosha vidole.

"Dawa inaua vijidudu," akasema. "Lakini nisikilizeni vizuri. Mwili wakati mwingine unashtuka, unawavamia hata wale vijidudu waliokwisha kufa, na vita hiyo inapigwa ndani ya mshipa. Kiwiko kikianza kuuma na kuvimba, msisubiri tarehe ya kliniki. Mje siku hiyo hiyo. Mkichelewa, mkono unakwenda."

Tulirudi kwa miguu. Mama hakutaka bodaboda, hakutaka kumkaribia dereva mgongoni.

9 Januari

Amedeus amenikataza kumwambia mtu yeyote. "Mimi nauza nyama, Noela. Nani atanunua nyama kwangu?" Naelewa. Nimemwambia tutakwenda kuchunguzwa sote watatu Jumatatu. Amesema sawa.

12 Januari

Jumatatu. Mimi na Lidwina tumechunguzwa, hatuna kitu, tumshukuru Mungu. Amedeus alipata mzigo wa ng'ombe hakuweza kuja.

19 Januari

Mama ameacha kwenda mgahawani. Anakaa chumbani, anameza dawa, mkojo unakuwa mwekundu na anadhani ni damu. Nimemweleza ni rangi ya dawa. Sharifa anapika peke yake. Nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha hayo. Mama amekula?"

26 Januari

Mvua mfululizo. Ukungu umefunika Matogoro, hatujauona mlima wiki nzima. Amedeus alipata mzigo tena, hakwenda kuchunguzwa.

5 Februari

Mama ananiita kwa jina siku hizi. Zamani nilikuwa "wewe." Tunakaa naye mlangoni tukitazama maji yanavyokata uwanja, ananifundisha nyimbo za kubembelezea mtoto. Nimempa Lidwina ampakate. Alimpakata kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia ameuficha kwenye kanga, na machozi yakawa yanamtiririka.

Amedeus alitukuta hivyo. Alisimama kizingitini na mvua ikimlowesha, hakuingia.

13 Februari

Imeanza. Alasiri mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kiwiko kimevimba, kinang'aa, chekundu. Maumivu yanashuka kutoka kiwikoni mpaka kwenye vidole vile vile visivyosikia moto. "Yanawezekanaje haya?" alikuwa ananiuliza. "Mkono umekufa, Noela, unaumaje?" Hata upepo wa kanga nikipita karibu unamfanya ang'ate mto.

Nikataka twende pale pale. Amedeus akasema mvua ni kubwa, mtoto atapata nimonia, yeye mwenyewe ataazima gari la rafiki yake ampeleke. Amekwenda naye sasa hivi. Alimbeba mikononi kama mtoto mpaka kwenye gari. Nikamshukuru Mungu kwa mume niliyenaye.

Saa moja baadaye amepiga simu: "Amelazwa. Tulia nyumbani."

14 Februari



Asubuhi nilipika uji, nikautia kwenye chupa, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda hospitali. Wodi ya wanawake hayupo. Nikaambiwa nijaribu upande wa upasuaji. Hayupo. Nikapita kitanda kwa kitanda, nikiangalia nyuso za wagonjwa mpaka mmoja akanigombeza. Nikamtafuta Daktari Pankrasi, nikamweleza habari za kiwiko. Akasema hajamwona mama yangu tangu kliniki iliyopita, kisha akabadilika uso. "Kiwiko kimeanza kuvimba lini?"

"Jana."

"Yuko wapi?"

Nikatoka mbio kumpigia Amedeus. Simu ya Amedeus haikupatikana mchana kutwa.

Alirudi jioni. Viatu, suruali, mpaka mapajani ni tope. Hakunisalimia. Aliingia chumbani kwa mama, akatoka na godoro, akalitupa uani, akalimwagia mafuta ya taa. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, godoro halikutaka kuwaka, likawa linatoa moshi mzito uliorudi ndani ya nyumba. Akaongeza mafuta. Akaleta na kanga zake.

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kupumzika shamba, kwa mjomba Fransisko."

"Lusewa? Katika hali ile?"

"Hizo dawa ndizo zinazomuua! Kabla ya dawa alikuwa anaumwa? Alikuwa anaumwa, Noela?"

"Daktari alisema—"

"Daktari hauzi nyama mtaani hapa."

Dawa zake zote ziko hapa, juu ya kabati. Hakubeba hata moja.

15 Februari

Simu ya mjomba Fransisko haipatikani. Mvua.

16 Februari

Haipatikani. Watu wanaotoka Namtumbo wanasema barabara ya Lusewa imekatika sehemu ya bondeni. Amedeus amefungua bucha kama kawaida, anacheka na wateja. Namtazama kutoka mgahawani anavyonoa kisu na ninajiuliza nimelala na nani miaka yote hii.

17 Februari

Nimemwambia Sharifa kila kitu, na jina la ugonjwa nimelitaja. Nilitegemea asogee mbali nami. Aliosha mikono, akavua aproni.

"Swalehe yupo mjini na pikapu, anarudi Tunduru kesho. Lazima apite Namtumbo. Nitamwambia akunje kona."

"Barabara imekatika."

"Basi tutashuka tutembee. Mama Notburga ndiye aliyenipokea nilipokuja hapa simjui mtu. Kesho alfajiri uwe tayari."

19 Februari

Tumemrudisha mama, moja kwa moja hospitali. Nitaandika yote, maana Amedeus ameanza kusema mambo hayakuwa hivyo.

Lami ilitufikisha Namtumbo vizuri. Baada ya hapo njia ilikuwa uji. Swalehe ni mtu wa maneno machache, kila gari likizama alisema "Inshaallah" akashuka na jembe. Sharifa alimshika Lidwina, mimi nikasukuma. Bondeni kalavati lilikuwa limekwenda na maji, kukabaki magogo ambayo wanakijiji wameyapanga. Swalehe akayatazama, akasema gari litabaki hapa. Tukavuka kwa miguu, maji yakituchapa magotini, yeye ametangulia na mtoto wangu begani.

Kwa mjomba Fransisko tulimkuta anapukuchua mahindi barazani, watoto wamemzunguka. Nilimsalimia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alisema, "Nani amewaambia mje?"

"Mama yuko wapi?"

"Alitaka mwenyewe kukaa peke yake."

"Mjomba, yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, kule shambani.

Kulikuwa na kijinjia kati ya mahindi, na kwenye kijinjia hicho, juu ya jiwe, bakuli la ugali uliolowa mvua. Halikuguswa. Mbele zaidi kulikuwa na kibanda cha kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe pori, cha nyasi, kinavuja. Mama alikuwa amelala juu ya mabua, amejikunja, mkono umelala kando yake kama si wake. Kiwiko kilikuwa kimevimba mpaka ngozi imekuwa nyembamba kama ya ndizi mbivu. Vidole vyote vilikuwa vimekunjika sasa, si viwili.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

"Hakuna aliyenituma. Nimekuja."

"Usinisogelee. Una mtoto."

Nikamsogelea. Nikamnyanyua kichwa, nikampa maji. Alikuwa anachemka kwa homa. Akanong'ona kwamba usiku wa kwanza alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akawa anasikia watoto wa Fransisko wakiambiwa huyo ni fisi.

Swalehe alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Mjomba Fransisko alisimama mbali akitutazama. Tulipofika kwenye magogo nikageuka. Alikuwa tayari amekiwasha moto kile kibanda.

20 Februari

Daktari Pankrasi hakutulaumu. Alikigusa kiwiko, mama akazimia. Wameanza kumpa dawa kali ya kutuliza uvimbe, lakini amesema ndani ya mshipa kumetunga usaha na haitatosha. Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi, mzito wa maneno. Nilimuuliza kama watauunganisha mshipa.

"Haujakatika," akasema. "Unapita kwenye njia nyembamba nyuma ya kiwiko, kama maji kwenye mpira wa bustani. Umevimba, njia haipanuki, kwa hiyo unajinyonga wenyewe. Tutaipasua ile njia, tuutoe usaha, tuupe nafasi."

"Na mkono utarudi?"

"Upasuaji unaondoa kubanwa. Maumivu yataondoka, hilo naweza kukuambia. Hisia na nguvu, siwezi kukuahidi. Mngemleta siku ile ile ningezungumza lugha nyingine."

21 Februari

Amepasuliwa. Nilikaa kwenye benchi na Sharifa, yeye akivuta tasbihi, mimi rozari. Amedeus hakuja. Mama ametoka amelala, mkono umefungwa kwenye ubao.

22 Februari

Maumivu yamekwisha. Ameomba chai. Vidole viko vile vile.

6 Machi

Ninafanya kama walivyonielekeza: kila asubuhi naulowesha mkono kwenye maji ya uvuguvugu, naupaka mafuta, navinyoosha vidole kimoja kimoja mpaka mama anasema inatosha. Hasemi kwa sababu anaumia. Anasema kwa sababu ananionea huruma. Tumerudi nyumbani. Amedeus analala sebuleni, hatuzungumzi ila kuhusu chumvi na mkaa.

Kila nikimwambia akachunguzwe, anatoka.

17 Machi

Mahindi mabichi yamejaa sokoni. Mama amesikia kitu kama sindano kwenye kidole cha tatu. Cha nne na cha mwisho hakuna kitu.

28 Machi

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya ya kanisani. Amedeus alitaka mama abaki chumbani. Mama akavaa gauni lake la Krismasi, akakaa kwenye kiti cha mbele, mkono wa kulia juu ya goti, wazi, bila kanga.

Baada ya sala mwenyekiti wa jumuiya akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akasimama.

"Mmekuwa mkiulizana mbona sipiki," akasema. "Nina ukoma. Nimepasuliwa mshipa. Nameza dawa na siambukizi mtu, daktari amesema na nimemwamini. Nawaambia mimi mwenyewe ili msiambiwe na mwingine. Mwenye kutaka kuondoka aondoke, sitamhesabia ubaya."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwanamke mmoja akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mwingine akamfuata. Wakawa wanatoka kwa adabu, wakiniaga mimi na si yeye. Nyumba ilikuwa imejaa, wakabaki wachache. Lakini mzee mmoja ambaye hata jina lake silijui vizuri alisogeza kiti chake kutoka nyuma mpaka ubavuni kwa mama, akaanzisha wimbo.

Nikamtafuta Amedeus kwa macho. Alikuwa ametoka na wale wengine.

29 Machi

Bucha haikufunguliwa. Nikamkuta ndani, amekaa juu ya gogo la kukatia nyama, gizani, mlango ameurudisha. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Lusewa.

"Funga mlango," akasema.

Akasimama, akafungua mkanda, akashusha suruali kidogo kiunoni. Doa lilikuwa kubwa kuliko la mama. Nikaligusa, akawa ananitazama usoni ili ajue nimeanza lini kuligusa.

"Tangu lini?"

"Kabla mama hajaungua kidole. Nilijua, Noela. Ulipokuja kuniambia habari za mkono wake, mimi nilikuwa nimeshajua kwa mwili wangu."

Tangu nijifungue nalala na mtoto, na yeye huoga na kuvaa kabla sijaamka. Nilidhani ni kazi ya machinjioni.

"Kwa hiyo ulimpeleka kule—"

"Wakimtibu yeye wangetuchunguza sote. Nilifikiri akiwa mbali, watatusahau." Akaanza kulia, mwanaume mzima, suruali kaishika mkononi. "Nilimsikia anaita nilipokuwa naondoka. Niliongeza mwendo."

Sikumkumbatia. Mpaka sasa sijui kama ningeweza. Nilimwambia afunge mkanda, twende.

30 Machi

Daktari Pankrasi amempapasa nyuma ya kiwiko, cha kulia, kisha cha kushoto, akarudia cha kulia. Mshipa umeanza kuwa mnene. Amedeus akauliza kama na yeye atapasuliwa.

"Sijui," akasema daktari. "Bado una nguvu kwenye vidole. Ukianza kusikia maumivu, mke wako anajua la kufanya."

Alinitazama mimi aliposema hivyo. Na Amedeus akanitazama, akisubiri niseme kitu.

4 Aprili

Mvua zinaelekea ukingoni. Mama vidole viwili havijarudi na daktari wa upasuaji amesema tusivitegemee. Amerudi mgahawani. Wateja ni wachache, anakaa mlangoni akisimamia, Sharifa anapika. Bucha imefungwa.

Amedeus ameanza dawa leo, nyumbani, mbele yetu. Alikaa na vidonge kiganjani muda mrefu akivitazama, hathubutu kumtazama mama. Mama akamimina maji kwenye kikombe kwa mkono wa kushoto, akavuka chumba, akamsogezea mdomoni.

"Meza," akamwambia.

Akameza, mama akiwa bado amekishika kikombe.